Punyeto haiui mishipa ya uume

Ukikaa vijiweni Mtwara, kuanzia Chikongola hadi Tandahimba, utasikia kwamba kijana akishindwa kusimamisha, basi punyeto imeua mishipa yake. Si kweli. Punyeto haikati mishipa wala kuilegeza, na inauma kuona vijana wakibeba aibu hiyo bure.

Kwa kijana, chanzo mara nyingi ni hofu. Akishindwa siku moja, safari inayofuata anaingia kitandani akijichunguza. Mwili unamwaga adrenalini, homoni inayobana mishipa ya damu, na damu haijai uumeni. Anayeamka asubuhi uume umesimama, kwa kawaida mishipa yake ni mizima. Zipo pia sonona, sigara na pombe, ikiwemo gongo ya mabibo msimu wa korosho. Kisukari na presha havingoji uzee, kwa hiyo tatizo likidumu miezi kadhaa, nenda Hospitali ya Ligula au kituo chochote cha afya upimwe.

Vidonge vya kusimamisha uume vya kununua kimyakimya viache. Sildenafili, dawa iliyomo kwenye vidonge kama Viagra, ikikutana na dawa za moyo za jamii ya nitreti, presha inaweza kushuka hadi mtu akafa.