Kabla ya kufungua tawi Chake Chake, hesabu siku

Mwenye supamaketi inayouza vizuri Mwanakwerekwe au Fuoni, Unguja, hachelewi kuulizwa barazani: Pemba unafungua lini? Swali lina msingi. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 543,441 Pemba, kati ya 1,889,773 wa Zanzibar nzima. Wateja wapo. Ila kampuni kubwa za supamaketi zilizoanguka Afrika Mashariki hazikuanguka kwa kukosa watu wa kununua.

Nakumatt ilianza Nakuru kama duka la magodoro. Ilikua hadi kupita matawi 60 katika Kenya, Uganda, Rwanda na Tanzania, na mwaka 2014 ikachukua maduka ya Shoprite iliyokuwa ikiondoka Tanzania. Januari 2018 mahakama iliiweka chini ya msimamizi, na Januari 2020 wanaoidai wakapiga kura ivunjwe. Uchumi nayo ilifunga maduka yake ya Tanzania na Uganda Oktoba 2015. Naivas, iliyotokea upande huohuo wa Nakuru, haikuvuka mpaka. Ilijaza miji ya Kenya kwanza.

Ugonjwa wenyewe ni rahisi kuueleza. Supamaketi huuza kwa fedha taslimu lakini humlipa msambazaji baada ya siku 30, 60, hata 90. Katikati hapo droo inajaa, na fedha za watu zinafanana sana na faida. Mwenye duka anazilipia kodi ya jengo jipya, rafu na friza. Maadamu matawi yanaongezeka, mali kauli mpya, yaani mali iliyochukuliwa kwa ahadi ya kulipa baadaye, huziba deni la zamani. Siku mauzo ya matawi mawili matatu yakipungua, malipo huchelewa, msambazaji huzuia mzigo na rafu hubaki wazi. Mteja aliyekosa mafuta na sabuni mara mbili harudi mara ya tatu, na mauzo huzidi kushuka.

Visiwani kuna la ziada: bahari nayo inakula siku.

Tuchukue mfano. Duka la Unguja linauza kwa siku mali iliyonunuliwa kwa shilingi milioni 3. Mali inachukua siku 5 kutoka kwa msambazaji hadi kwenye rafu, kisha inakaa siku 25 stoo na dukani kabla ya kuuzwa. Jumla siku 30. Msambazaji anasubiri siku 14. Siku 16 zilizobaki ni zako: 16 mara milioni 3 ni milioni 48 zilizolala. Sasa tawi la Chake Chake, Pemba, linalouza nusu yake, milioni 1.5 kwa siku. Njiani siku 10, dukani siku 36, msambazaji yuleyule wa siku 14. Zako ni siku 32, na 32 mara milioni 1.5 ni milioni 48 zilezile. Nusu ya mauzo, mtaji uliolala sawasawa, na bado hujalipa kodi wala mishahara. Hata kwa murabaha, ambako benki hununua mali na kukuuzia kwa faida mliyokubaliana, tarehe ya malipo haisubiri meli.

Mbona siku 36? Kwanza, kusi ikivuma kwa nguvu safari huahirishwa, kwa hiyo stoo ya Pemba lazima ibebe akiba. Pili ni katoni. Katoni ya makopo 24 ya bidhaa inayotoka makopo matatu kwa wiki hukaa wiki nane. Ukiwa na bidhaa mia mbili za aina hiyo, mtaji wote umegeuka pambo la rafu. Tawi jipya lianze na bidhaa chache zinazotembea: mchele wa mapembe, unga wa ngano, sukari, mafuta, sabuni, maziwa ya unga. Faida yake ni nyembamba, lakini zinageuka fedha upesi. Vile vinavyokwenda polepole vigawiwe kwa kufungua katoni Unguja na kupeleka vipande sita sita. Mali inayotoka Tanga au Dar es Salaam, uliza kwanza kama inaweza kushushwa moja kwa moja kwenye bandari za Pemba, Mkoani au Wete. Kuishusha bandari ya Malindi, Unguja, kulipa wachukuzi na kuipakia tena ni gharama mara mbili, na biskuti nazo zinavunjika mara mbili. Msimu wa karafuu mauzo hupanda. Usiupimie mwaka mzima kwa miezi hiyo, maana mavuno ya karafuu hayalingani mwaka hadi mwaka.

Vya baridi ndivyo vinavyotia hasara ya ghafla. Kuku na samaki waliogandishwa wanahitaji nyuzi 18 chini ya sifuri, na maziwa mabichi yasizidi nyuzi 4. Umeme wa Pemba unatoka Tanga kwa waya wa chini ya bahari tangu 2010. Unguja nayo inakumbuka kiza cha mwezi mzima mwaka 2008, na cha miezi mitatu hivi kilichoanza Desemba 2009. Friza iliyojaa, isipofunguliwa, huhifadhi baridi takriban saa 48; ikiwa nusu, saa 24. Jenereta na dizeli yake viingie kwenye hesabu ya kila tawi. Na weka ndani ya kila friza kikombe cha maji yaliyoganda, juu yake sarafu. Ukiikuta sarafu imezama, friza iliyeyuka na kuganda tena usiku bila mtu kukuambia, na kuku wale si wa kuuzwa.

Upotevu mdogo nao upigiwe hesabu. Kama faida yako halisi ni shilingi 3 katika kila 100, kopo moja la shilingi 6,000 lililoibwa au kupitwa na tarehe linahitaji mauzo ya 200,000 kulirudisha. Hesabuni rafu chache kila siku, msingoje mwisho wa mwaka, na anayehesabu asiwe mtunza stoo peke yake.

Neno kwa wanaopeleka mali. Supamaketi iliyokuwa ikilipa siku ya 30 ikianza kulipa siku ya 45, tena nusunusu, usiongeze mzigo hata kama oda ni kubwa. Ikifungua tawi jipya huku ankara yako ya zamani haijalipwa, jua mali yako ndiyo iliyonunua rafu. Toa ankara kwa kila tawi peke yake, hati ya kupokelea mzigo igongwe muhuri siku hiyohiyo, na mkataba utaje kuwa mali isiyolipiwa ikiwa bado rafuni ni yako. Kifungu hicho apitie mwanasheria kabla hamjatia saini.