Tope Lisilotuama Hula Nafasi ya Mtambo

Viwanda vya minofu ya sangara hapa Mwanza hutoa maji taka yenye damu na mafuta mengi, na uzalishaji unapoongezeka, wazo la kwanza huwa kujenga tangi jingine la kutuamishia. Kwa mtambo unaotumia tope la bakteria hai, mimi husisitiza tope lenyewe lipimwe kwanza.

Silinda ya lita 1 hujazwa mchanganyiko kutoka tangi la hewa, yaani tangi linalopulizwa hewa ili bakteria wale uchafu kabla ya tope kwenda kutuamishwa, ikaachwa bila kuguswa kwa dakika 30, kisha ujazo wa tope lililotuama hugawanywa kwa gramu za tope kavu zilizomo katika lita hiyo. Gramu 3 zikishuka hadi mililita 300, kila gramu imechukua mililita 100, nalo ni tope zuri. Zikikwama kwenye mililita 750, kila gramu imechukua 250, na hapo hesabu hubadilika vibaya: tope la chini ya tangi la kutuamishia hufikia takriban gramu 4 tu kwa lita badala ya 10, hivyo ili tangi la hewa libaki na gramu zake 3, pampu italazimika kurudisha tope mara 3 ya maji taka yanayoingia, ilhali tope zuri lingehitaji kurudishwa chini ya nusu ya maji taka hayo. Mzigo huo wote hupitia tangi lilelile, na mvua kubwa ikinyesha, tope humwagika ukingoni na kuelekea ziwani, likibeba naitrojeni na fosforasi zinazostawisha magugumaji.

Mara nyingi chanzo ni bakteria wa nyuzi, wanaozuia vibonge vya tope visikaribiane. Kabla ya kuwalaumu, changanya tope na maji yaliyokwisha kusafishwa, nusu kwa nusu, urudie kipimo. Likishuka upesi, tope limezidi tu na lipunguzwe. Likiendelea kusuasua, darubini itathibitisha nyuzi.

Klorini huua nyuzi, lakini chanzo kikibaki hurejea. Ni heri mafuta yaondolewe mapema, hewa isipungue, na maji ya samaki yasilazwe hadi yanuke kama mayai viza, kwani salfaidi hulisha baadhi ya bakteria hao. Kisha tope linalorudi likutanishwe na maji taka mabichi katika chumba kidogo mwanzoni, ambamo bakteria wanaounda vibonge hukiwahi chakula kabla ya wale wa nyuzi. Mara nyingi chumba hicho hupatikana kwa kukata kona ya tangi la hewa lililopo kwa ukuta mmoja.