Mto umebadilika rangi: tahadhari inavyoanza kabla ya ripoti

Simu iliingia saa kumi na moja kasoro alfajiri, mwezi wa nne. Aliyepiga ni volontia wetu wa siku nyingi kule Kyela, mzee anayelima mpunga na kokoa jirani na mto Kiwira. Salamu ilikuwa fupi, kisha akasema: "Mwanangu, huku hakujanyesha tone, lakini mto umebadilika rangi. Unashuka na migomba mizima."

Asiyeijua Kyela anaweza kurudi kulala. Lakini Kiwira inatoka milima ya Rungwe, ambako maeneo mengine hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na maji yote hayo hupita bondeni kwa wakulima wa mpunga kabla ya kufika Ziwa Nyasa. Mafuriko ya Kyela huanzia juu, upande wa Tukuyu. Unaweza kulala chini ya nyota ukaamka maji yako mlangoni.

Mimi hapa Mbeya nashika zamu ya tahadhari kwenye shirika la misaada. Kazi yenyewe ni kugeuza simu kama ile kuwa ujumbe ambao mkuu wangu atausoma akiwa bado kitandani, na akiumaliza awe ana jambo la kuamua. Wengi tunakwama hapo. Tunadhani tahadhari ni ripoti iliyowahi kutoka, tunatafuta takwimu, na tukizipata maafa yamekwisha kuingia ndani.

Mimi nilijifunza vibaya. Miaka hiyo nilikuwa shirika jingine, Iringa, nikifuatilia Isimani, upande mkavu ambako mvua ikikatika mapema mahindi hukauka yakiwa yanatoa mbelewele. Mnadani niliona majike ya mbuzi yakiuzwa, mengine yana mimba. Mfugaji hauzi jike lenye mimba kwa kupenda. Bei ya debe la mahindi ilikuwa inapanda wiki hadi wiki, ya mbuzi inashuka. Dalili mbili hizo zikienda pamoja, huhitaji mtaalamu kutoka Dar. Nami nikaandika nini? "Hali inafuatiliwa kwa karibu." Sentensi ile haikumwomba mtu yeyote afanye chochote, na kweli hakuna aliyefanya. Timu ya tathmini ilipofika, familia nyingi zilikuwa zimeshakula mbegu.

Tangu hapo ujumbe wangu hauzidi mistari minne. Naandika nilichoambiwa, na nani, saa ngapi, ninachodhani kitafuata, nisichokijua bado, na ninachoomba kifanyike kabla ya saa fulani. Mstari wa "sijui" watu huuogopa, wanaona utawaaibisha. Mimi nauona ndio unaompa mkuu imani na mistari mingine. Ule wa mwisho ndio wenye ubishi, kwa sababu unataka fedha. Ndiyo maana viwango vinakubaliwa wakati wa kiangazi, watu wakiwa wametulia: maji yakifika alama fulani kwenye nguzo ya daraja, au Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari ya rangi ya chungwa kwa mkoa wetu, gari linapakiwa bila kikao. Ukianza kujadili kiwango mvua ikinyesha, kila mtu anakuwa mtaalamu wa mito.

Neno moja kwa wageni wa kazi hii: tahadhari ya ndani ya shirika si tangazo kwa wananchi. Mlipuko wa kipindupindu, kwa mfano, hutangazwa na serikali, si na sisi. Tunachofanya ni kumpigia mtendaji wa kata na kamati ya maafa ya wilaya papo hapo, halafu tunajiandaa kimya kimya.

Anayeona haya yote ni haraka ya bure aitazame Somalia. Maonyo yalianza 2010. Njaa ikatangazwa rasmi Julai 2011. Utafiti uliochapishwa 2013 ulikadiria vifo takriban 258,000 kati ya Oktoba 2010 na Aprili 2012, zaidi ya nusu wakiwa watoto chini ya miaka 5. Kiwango cha kutangaza njaa kinadai, pamoja na mambo mengine, vifo 2 kwa siku katika kila watu 10,000. Maana yake ukisubiri neno lenyewe litamkwe, makaburi tayari yamechimbwa.

Turudi kwa mzee wangu. Saa 11:20 ujumbe ulikwenda, nikiomba maturubai na vidonge vya kusafishia maji vitoke stoo ya Mbeya kabla barabara haijakatika. Saa moja gari lilikuwa njiani. Saa sita mchana mto ukashuka. Haikuingia nyumba hata moja maji.

Mhasibu aliuliza kuhusu dizeli, na ni haki yake. Nikamwonyesha kiwango tulichosaini wote Septemba, naye akiwemo. Kwenye daftari la zamu nikaandika "haikutokea", kwa sababu tahadhari za namna hiyo nazo lazima zihesabiwe. Zikizidi sana, alama ya darajani inasogezwa juu.

Jioni nikampigia mzee. Alianza kwa kuomba radhi, eti ametusumbua bure na kutumalizia mafuta. Nikamuuliza maji yalifika wapi. Akasema, vidole vinne juu ya alama. Nikamshukuru, nikamtumia vocha.