Si kila waridi huwalisha nyuki
Huenda baadhi ya wanaofuga nyuki nyumbani wakaamini kwamba kuuzungushia mzinga mawaridi manene yenye harufu kali kutawapatia asali tele. Imani hiyo si sahihi, kwa kuwa asali hutokana na mbochi, yaani majimaji matamu ya maua, na ua la waridi hutoa mbochi kidogo mno. Kinachowavuta nyuki kwake ni chavua, yaani unga wa maua, chakula chenye protini wanachowalishia majana, yaani watoto wao.

Hata chavua hiyo haipatikani katika kila waridi. Waridi la mwituni kwa kawaida huwa na petali 5 na stameni nyingi, yaani vijiti vinavyotoa chavua, zilizo wazi katikati, ilhali katika mawaridi mengi ya bustani, ambayo binadamu ameyachagua kwa karne nyingi kwa ajili ya uzuri wake, sehemu kubwa ya stameni imegeuka kuwa petali, na chache zilizosalia hufichika ndani ya msongamano ambao nyuki huupenya kwa shida. Inasikitisha kuona bustani iliyojaa maua ikiwaacha nyuki na njaa. Anayependa mawaridi apande pia yale yenye safu moja ya petali, kando yake apande alizeti na mrehani ulioachwa uchanue, na asinyunyizie dawa ya wadudu maua yakiwa yamefunguka.