Waache wakisie kwanza

Mwalimu alisimama mbele ya darasa la tano na betri moja kubwa ya tochi, balbu ndogo na vipande viwili vya waya. Watoto walikuwa 96, dawati moja wanne. Akaunganisha, balbu ikawaka, darasa zima likampigia makofi ya kilo. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma kabisa. Andalio lake la somo lilikuwa safi, na sehemu ya zana ameijaza vizuri kuliko wengi ninaowatembelea.

Kipindi kilipokwisha nikaomba dakika tano. Nikamwita msichana mmoja wa safu ya tatu, ambaye alikuwa ameona kila kitu, nikamkabidhi vifaa vilevile. Akachukua waya mmoja, akaugusisha kwenye kichwa cha betri na kwenye kitako cha balbu. Akasubiri. Akageuza betri, akajaribu tena.

"Madam, imegoma."

Wenzake wanne waliofuata walifanya vilevile. Wa sita alitumia waya mbili, lakini zote akazipeleka kitakoni.

Mimi ni mkufunzi wa sayansi katika chuo cha ualimu, na kabla ya hapo nilifundisha shule za msingi miaka kumi na mbili. Somo lenyewe limebadilishwa jina nikiliangalia: lilikuwa Sayansi, likawa Sayansi na Teknolojia, na mtaala ulioanza kutumika 2024 umelirudisha kuwa Sayansi. Neno "vitendo" halijawahi kutoka kwenye mihtasari. Ila ninachokiona madarasani mara nyingi ni vitendo vya mwalimu, watoto wakiwa watazamaji wa mpira.

Turudi kwenye balbu. Kosa la yule msichana halikutokana na uzembe. Nyumbani kwao anaona waya mmoja tu unaning'inia kutoka darini na taa inawaka, na pasi ina waya mmoja, na redio ina waya mmoja. Amekusanya ushahidi kwa miaka kumi kwamba umeme huja kwa njia moja, kama maji ya bomba. Mwalimu alipowasha balbu mbele yake, alichokiona ni balbu kuwaka. Zile waya mbili hazikumsumbua kwa sababu hakuna aliyemwuliza kwanza kama moja ingetosha.

Siku hizi namtaka kila mwalimu ninayefanya naye kazi aanze hivi. Kabla mtoto hajagusa kifaa, achore daftarini anavyodhani itawaka, kwa kalamu ya wino ili asifute. Kisha apewe vifaa. Nilipofanya hivyo katika darasa lile juma lililofuata, michoro mingi ilikuwa na waya mmoja. Makundi yakahangaika karibu dakika kumi na tano. Kelele zilikuwa za soko la samaki, mwalimu wa darasa la jirani akaja kuchungulia. Ghafla kundi la dirishani likapiga yowe, na kabla sijafika pale makundi mawili ya jirani yalikuwa yameshaiba siri.

Siri yenyewe ni kwamba balbu ya tochi ina sehemu mbili za kugusa: ile nundu ndogo ya kitakoni na ule mwili wa chuma wenye mikunjo. Ndani, ncha moja ya uzi mwembamba unaowaka imeshikwa na kitako, ya pili na ule mwili. Umeme lazima uingie kwa mmoja na kutokea kwa mwingine, urudi betri. Halafu nikawapa kipande cha waya wa pasi iliyokufa, tukakipasua kwa wembe (nilishika wembe mimi). Ndani wakakuta waya tatu. Mtoto mmoja akasema, "Kumbe walikuwa wanatuficha!" Nisingeweza kulieleza vizuri zaidi.

Vifaa ni suala dogo kuliko tunavyolalamika, japo nakubali lipo. Balbu za uzi zinaadimika madukani. Vile vitaa vya LED unavyoving'oa kwenye tochi mbovu vinapatikana kila mahali, lakini vina tabia mbili za kumpoteza mwalimu. Kwanza, kitaa cheupe hakiwaki kwa betri moja ya volti 1.5, kinataka takriban volti 3, kwa hiyo unaunga betri mbili kwa mfuatano. Pili, kina upande. Mguu mrefu huenda kwenye chanya, na ukikigeuza kinakaa kimya kama kimekufa. Kwa somo la kwanza la sakiti, yaani njia nzima ya umeme kutoka betri na kurudi, hilo ni balaa, kwa sababu mtoto aliyeunga sawasawa anaweza kuona giza akadhani amekosea. Nikiwa na balbu za uzi chache, huzitumia kuanzia, na LED nikaiweka kipindi cha pili. Betri za simu nakataa kabisa, hata zikiletwa bure. Zikipigwa shoti zinaweza kuwaka moto. Na umeme wa ukutani sitaki hata kuutaja kama zana.

Kuna jaribio moja ningependa lipumzishwe, au lifanywe kwa namna nyingine. Mshumaa unasimamishwa kwenye sahani yenye maji, unafunikwa kwa bilauri, unazimika, maji yanapanda ndani. Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba moto umekula oksijeni yote, maji yamechukua nafasi yake, na kwa kuwa oksijeni ni kama sehemu moja ya tano ya hewa, maji yanapanda sehemu moja ya tano. Jibu tamu, tena lina sehemu ya hesabu. Ila si kweli. Mshumaa huzimika oksijeni nyingine ikiwa bado imo humo ndani. Maji yanapanda hasa kwa sababu hewa iliyopashwa moto ilitanuka, nyingine ikatoroka chini ya ukingo wa bilauri, kisha iliyobaki ikapoa na kusinyaa.

Usinisadiki. Chukua bilauri ileile, weka mishumaa mitatu badala ya mmoja. Hewa ni ileile, oksijeni ni ileile, lakini maji yatapanda juu zaidi. Waambie watoto wakisie kabla, kisha waangalie ni wakati gani hasa maji yanapanda: mengi hupanda baada ya moto kuzimika. Nilipofanya hivi kwenye semina ya MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini, mwalimu mmoja mkongwe alinyamaza, akarudia mara tatu, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kwa hiyo miaka yote hiyo?" Nikamwambia hata mimi.

Hofu kubwa ya walimu iko hapo, wala si kwenye ukosefu wa maabara. Ukiwapa watoto nafasi ya kujaribu, wataona kitu ambacho hujui kukieleza. Najua mnangoja nimtaje Erasto Mpemba, basi namtaja. Alikuwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba mwaka 1963, wakitengeneza aiskrimu, akaona maziwa yake aliyoyaingiza ya moto yameganda kabla ya yale yaliyopozwa. Mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa shule ya Mkwawa, alimwuliza mwanafizikia Denis Osborne aliyekuja kutoka chuo kikuu Dar es Salaam, na kisa hicho kikachapishwa 1969. Mpaka leo wanafizikia wanabishana kuhusu jambo hilo. Ninachompendea Osborne ni kwamba naye hakuwa na jibu. Alirudi chuoni akaagiza lijaribiwe.

Sasa zoezi ninalolipenda kuliko yote, na halina gharama: kijiti na kivuli.

Unasimika kijiti cha mita moja uwanjani, ukihakikisha kimesimama wima kwa timazi, yaani uzi na jiwe. Watoto wanapima urefu wa kivuli kila baada ya dakika kumi, kuanzia saa tano na nusu hadi saa saba na robo. Kipindi ni dakika 40 tu, kwa hiyo niliomba muda kwa mwalimu wa Hisabati, tukakubaliana kwamba grafu itakuwa yake. Kisio la kwanza: kivuli kitakuwa kifupi kabisa saa ngapi? Darasa zima, pamoja na mwalimu wa Hisabati, liliandika saa sita kamili. Kisio la pili: kitaelekea upande gani? Hapo waligawanyika.

Ilikuwa katikati ya Julai, Morogoro. Saa sita kamili kivuli kilikuwa sentimita 57 hivi, na kikaendelea kufupika. Kilifika 54 na kukwama hapo. Makundi yalitoa majibu kati ya saa 6:25 na 6:45, kwa sababu karibu na ufupi wake kivuli hakibadiliki kwa haraka na rula haioni tofauti. Lakini hakuna kundi hata moja lililopata saa sita.

Waliniambia saa yangu imekosea. Wakaleta simu ya mwalimu mkuu. Nayo imekosea! Tukakaa chini ya mwembe tukaongea. Saa zetu za Afrika Mashariki zimepangwa kwa mstari wa longitudo 45 mashariki, ambao haupiti Tanzania hata kidogo. Uko baharini, mashariki yetu. Dunia huzunguka digrii moja kwa dakika nne, na Morogoro iko kama digrii saba na kitu magharibi ya mstari ule. Jua linatufikia likiwa limechelewa karibu nusu saa, na mwezi Julai huongezeka dakika kama sita kwa sababu ya njia ya dunia kulizunguka jua. Kigoma wanachelewa zaidi: jua kwao hufika juu kabisa kama saa saba.

Upande nao ulileta ugomvi. Julai jua letu la adhuhuri liko kaskazini, kivuli kinalala kusini. Desemba kinageuka kulala kaskazini, na kijiti kilekile kinatoa kivuli cha sentimita 30 tu. Kati ya hapo, mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba, jua linapita utosini na kijiti kinakosa kivuli kabisa kwa dakika chache. Mtoto wa London hawezi kuliona hili kwao hata siku moja.

Jambo moja la darasani kabla sijasahau. Makundi ya sita sita hujipanga yenyewe hivi: mvulana anashika rula, msichana mwenye mwandiko mzuri anakuwa karani. Nisipoingilia, karani huyo humaliza mwaka bila kugusa kifaa. Nabadilisha kazi kila vipimo vitatu kwa kupiga filimbi.

Jumatatu iliyofuata mvulana mmoja aliniletea daftari. Jumamosi na Jumapili alisimika kijiti chake nyumbani, akapima peke yake. Namba zake hazikulingana na za shuleni hata kidogo; kivuli chake kilikuwa kirefu mno. Alikuwa ameshika ufutio tayari. Nikamwuliza kwao kukoje. Akasema ni mlimani, uwanja umeinama kuelekea bondeni, upande wa kusini. Nikamwambia asifute, na jioni ile tukaenda na timazi.