Kwa nini huduma za kazini hukukatalia kuingia hata nywila yako ikiwa sahihi?

Je, wajua kwamba unapofungua barua pepe ya kazini, nywila unayoandika ni sehemu ndogo tu ya yale yanayokaguliwa kabla hujaruhusiwa kuingia? Mfanyakazi anaweza kuandika nywila bila kukosea hata herufi moja, akathibitisha kwa simu kwamba ndiye yeye, na bado akakuta ujumbe unaomweleza kwamba kifaa anachotumia hakikidhi masharti. Wengi hudhani mfumo umeharibika, kumbe umetekeleza sawasawa ulichoagizwa na mhandisi wa usalama wa vifaa na huduma za wingu (zile zinazoendeshwa kwenye kompyuta za mbali kupitia intaneti), ambaye aghalabu hana habari kwamba umekwama mpaka umpigie simu.

Kwa miaka mingi nyaraka za taasisi zilikaa kwenye seva zilizo ndani ya jengo lake, na yeyote aliyekuwa kwenye mtandao wa ofisi alihesabiwa kuwa mtu wa nyumbani. Udhaifu wa mpango huo ni kwamba mdukuzi akishapenya mara moja huzurura atakavyo. Januari 2010 Google ilitangaza kwamba ilikuwa imeshambuliwa na wadukuzi, katika tukio lililokuja kujulikana kama Operation Aurora, na baada yake ikajenga utaratibu iliouita BeyondCorp, ambamo mtandao alioutumia mtu haumpi haki yoyote. Kinachotazamwa ni mtu mwenyewe na kifaa chake. Agosti 2020 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilichapisha mwongozo wenye msimamo huohuo, yaani SP 800-207.

Kinachotokea katika zile sekunde chache za kuingia ndicho kiini cha kazi ya mhandisi huyu. Huduma ya wingu huuliza kama kompyuta imesajiliwa, kama diski yake imesimbwa kwa siri, kama mfumo endeshi umesasishwa na kama programu ya ulinzi inafanya kazi, kisha hulinganisha majibu na sera aliyoiandika mhandisi. Lakini huduma iliyo mbali itajuaje kwamba kompyuta inayojibu ndiyo ile iliyosajiliwa? Hapo ndipo inapohitajika TPM, chipu ya usalama iliyomo ndani ya kompyuta, ambayo Windows 11 iliifanya kuwa sharti mwaka 2021. Wakati wa usajili chipu hiyo hutengeneza ufunguo wa siri usiotoka ndani yake kamwe. Huduma hutuma fumbo la tarakimu za kubahatisha, chipu hulitia saini kwa ufunguo huo, na saini ikilingana, kompyuta imejitambulisha. Mwizi anaweza kunakili diski nzima, lakini ufunguo hautakuwemo katika nakala yake.

Tuseme pia kwamba saini hiyo inathibitisha utambulisho wa kompyuta, si afya yake. Habari za afya hupelekwa na programu ya usimamizi, nayo hutoa taarifa kwa vipindi; katika Intune, programu ya Microsoft ya kusimamia vifaa, kwa mfano, kompyuta huwasiliana na huduma takriban kila baada ya saa 8. Ndiyo maana mtu husasisha kompyuta yake asubuhi na bado akakataliwa: rekodi iliyoko kwenye wingu ni ya jana. Kubonyeza kitufe cha kusawazisha huharakisha mambo, na inashangaza jinsi watumiaji wengi wasivyowahi kuonyeshwa kilipo.

Usumbufu wote huu una sababu. Wezi wa leo hawaridhiki na nywila peke yake. Hutengeneza ukurasa bandia unaokaa katikati ya mtumiaji na huduma halisi. Mtumiaji huandika nywila na namba ya uthibitisho, ukurasa huzipitisha kwenye huduma papo hapo, kisha humwibia tokeni, yaani kibali ambacho huduma humpa mtu aliyekwisha kuhakikiwa ili asiulizwe tena. Sera inayodai kifaa kilichosajiliwa huukwamisha ulaghai huo, kwa kuwa ukurasa bandia hauna chipu ya kuweka saini.

Simu binafsi huzua mashaka zaidi, na kwa haki. Kwenye Android, kwa mfano, simu binafsi inaweza kuwekewa wasifu wa kazi, yaani sehemu ya kazi iliyotengwa na mambo binafsi, na mwajiri akawa na uwezo wa kufuta yaliyomo humo bila kuziona wala kuzigusa picha za mwenye simu. Mhandisi asiyelieleza jambo hili mapema hatakiwi kushangaa watu wakikwepa kusajili simu zao.

Mamlaka ya kupeleka mabadiliko kwenye maelfu ya vifaa kwa pamoja yana hatari yake. Tarehe 19 Julai 2024, faili yenye hitilafu katika sasisho la kampuni ya usalama ya CrowdStrike iliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5, kwa makadirio ya Microsoft. Faili za aina hiyo zilikwenda kwa wateja wote bila kusubiri ratiba zao za majaribio. Nyingi kati ya kompyuta hizo zilihitaji mtu aketi mbele yake, na pale diski iliposimbwa kwa BitLocker, zana ya Windows ya kusimba diski, aandike kwanza ufunguo wa uokoaji wenye tarakimu 48.

Kwa hiyo wahandisi makini huiendesha sera mpya kwanza katika hali ya kutazama tu, ambapo mfumo huandika nani angekataliwa bila kumkataa mtu. Baadaye huitekeleza kwa kikundi kidogo, kisha kwa wengine. Pia huacha akaunti mbili za dharura nje ya sera zenye masharti ya kifaa, zikilindwa kwa funguo za maunzi, yaani vifaa vidogo vya kuthibitisha utambulisho, na kufuatiliwa kila zinapotumika, kwa sababu sera iliyoandikwa vibaya humfungia nje hata aliyeiandika.