Kangaga la kiota halinyonyi mti

Ujumbe huu hauishi kuzunguka kwenye magrupu ya wapenda bustani: kangaga la kiota likiota juu ya mti, litaunyonya maji mpaka ukauke, kwa hiyo likate upesi. Si kweli.

Kangaga hili, kitaalamu Asplenium nidus, hupatikana katika misitu ya mvua ya Asia, Borneo ikiwemo. Majani yake mapana, yasiyogawanyika, hujipanga kwa duara kama bakuli. Bakuli hilo hudaka majani makavu na maji ya mvua. Yakioza humo, ndiyo chakula chake. Mti ni mahali pa kukalia tu. Huko Borneo, kangaga kubwa likilowa linaweza kufika kilo 200, na ndani yake huishi wadudu wengi ajabu. Uzito huo unaweza kuvunja tawi bovu, na hapo ndipo lawama huanzia.

Ukitaka kuhakikisha, libandue kidogo. Mizizi yake ni kama sifongo iliyoshika gamba kwa nje, haikuingia kwenye mti. Tena hustawi hata kwenye chungu, pasipo mti wowote.

Watu huchanganya kwa sababu ipo kweli mimea inayopenyeza mizizi kwenye tawi na kufyonza. Na ile mistari ya kahawia chini ya jani? Wengine huiita mayai ya wadudu, kumbe ni vifuko vya spora, mbegu zake tuseme.

Ujumbe huo ukikufikia tena, tafadhali usiusambaze. Mwombe aliyeutuma abandue kangaga lake atazame mizizi.